Imeji Zilizopoteza Majina

Programu inayoishi ndani ya kontena haikarabatiwi papo hapo ilipo. Likionekana kosa, hata la mstari mmoja, mstari unasahihishwa kwenye msimbo, imeji nzima inajengwa upya, na kontena jipya linawashwa kutoka kwenye imeji hiyo. Ndivyo Docker, programu ya kujenga na kuendesha makontena, ilivyowazoesha mafundi tangu mwanzilishi wake, Solomon Hykes, alipoionyesha hadharani Santa Clara, California, Machi 2013. Utaratibu huu una raha yake, kwa sababu kilichojaribiwa kwenye kompyuta ya mtengenezaji ndicho kitakachowashwa kwenye seva. Lakini kila ujenzi unaacha kitu nyuma. Imeji ya jana haiondoki eti kwa kuwa ya leo imezaliwa. Inabaki kwenye diski na matabaka yake yote, ila jina lake limechukuliwa.

Ni kama mwenye nyumba aliyehama, akang'oa kibao cha jina mlangoni na kukipigilia kwenye nyumba mpya. Ile ya zamani bado imesimama, ina kuta na paa, lakini mpita njia hawezi tena kujua ilikuwa ya nani. Katika orodha ya Docker imeji ya namna hiyo inaandikwa `<none>` penye jina na `<none>` penye tagi. Timu inayojenga mara kadhaa kwa siku inaweza kuijaza diski ndani ya wiki chache bila mtu hata mmoja kuhifadhi faili lolote kwa kukusudia.

Wengi wanaidharau kazi ya kuzisafisha. Wanaijua kama amri moja inayoandikwa kwa sekunde tano diski inapolalamika, kisha mtu anarudi kwenye kazi anayoiita ya maana. Mimi nimeiona ikifanywa na msimamizi wa mifumo mmoja wa Dar es Salaam, dada anayetunza seva za vijana wanaotengeneza programu za maduka ya dawa, na tangu hapo siwezi kuiita kazi ndogo. Seva yenyewe imekodiwa, iko Ujerumani; yeye anaifikia kwa terminali kutoka meza iliyo karibu na dirisha. Nilivuta kiti, nikakaa kushoto kwake.

Hakuanza na Docker. Aliandika `df -h`, akasoma mstari wa diski kuu: GB 80, imejaa asilimia 84. Kisha akaandika `df -i`, ambayo haihesabu ukubwa wa mafaili bali nafasi za kuyaorodhesha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema matabaka ya imeji yana mafaili madogo madogo kwa maelfu, na seva inaweza kukataa kuandika chochote huku diski ikionyesha bado ina nafasi, kwa sababu tu nafasi za kuorodhesha mafaili zimekwisha. Siku hiyo zilikuwa za kutosha. Akatikisa kichwa kuridhika, akaendelea.

Amri ya pili ilikuwa `docker system df`. Inatoa mistari minne: imeji, makontena, hifadhi za data ambazo Docker inaziita volyumu, na kashe ya ujenzi. Kila mstari unaeleza vitu ni vingapi, vingapi vinatumika, vinachukua nafasi kiasi gani, na kiasi gani kinaweza kurudishwa. Imeji zilikuwa 61 na zilizotumika 9. Nafasi GB 38, za kurudishwa GB 29. Mimi ningeishia hapo, nikaziona zile GB 29 kama mali iliyolala. Yeye aliongeza `-v`, orodha ikashuka ndefu, naye akaanza kuisoma kutoka juu, mstari baada ya mstari, kidole kikifuata kwenye skrini bila kuigusa.

Alichokuwa akikitafuta ni safu mbili: nafasi inayochangiwa na nafasi ya peke yake. Hapa ndipo ujuzi wake ulipoanza kuonekana. Imeji ni matabaka yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kila tabaka linatambulishwa kwa alama ya SHA-256, herufi na tarakimu 64, inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya tabaka lenyewe. Yaliyomo yakiwa yale yale, alama ni ile ile, na Docker inalihifadhi tabaka hilo mara moja tu hata kama imeji ishirini zinalitumia. Kwa hiyo imeji iliyoandikwa MB 612 mbele yangu ilikuwa na MB 24 tu za peke yake. Zilizobaki ilichangia na ndugu zake wanaoendelea kufanya kazi. Ukiifuta unapata MB 24, si zaidi.

Mistari michache chini akasimama. Imeji moja isiyo na jina ilikuwa na zaidi ya GB 1, na karibu yote ilikuwa ya peke yake. "Hii ndiyo iliyobeba mzigo," akasema. Akaandika `docker history` na tarakimu za mwanzo za utambulisho wake, na sababu ikajitokeza: ilijengwa kabla imeji ya msingi, ile ya Python wanayoanzia wote, haijapata toleo jipya. Msingi ulipobadilika, ndugu zake wote walihamia kwenye msingi mpya, yeye akabaki peke yake juu ya ule wa zamani. Imeji nyingine kama hiyo zilikuwa nne. Hizo tano zilishika nafasi kubwa kuliko thelathini na kitu nyingine zote zisizo na majina zikiunganishwa. Alikuwa hajafuta kitu bado, lakini tayari alishajua nafasi iko wapi na ilifikaje huko.

Kisha akaziorodhesha zile zisizo na jina peke yake, kwa `docker images -f dangling=true`. Docker inatofautisha hapa jambo ambalo wengi hulipita. Kuna imeji zisizo na jina ambazo bado zina kazi, kwa kuwa imeji nyingine imejengwa juu yake. Hizo haziingii kwenye orodha hii. Zinazoingia ni zile zilizo kileleni, zisizo na jina wala mtoto. Kabla ya Januari 2017 hapakuwa na amri moja ya kuzisafisha. Mafundi waliunganisha amri mbili, moja ikitoa namba za imeji hizo na nyingine ikizifuta, wakazibeba kwenye mafaili yao ya kumbukumbu kutoka kazi moja hadi nyingine. Toleo la 1.13 ndilo lililoleta `docker image prune`, pamoja na `docker system df` aliyokuwa ameitumia dakika chache nyuma. Yeye bado anaikumbuka ile ya zamani kwa moyo, na aliniandikia kwenye karatasi bila kusita.

Nilitarajia sasa aandike amri ya kufuta. Aliandika `docker ps -a`.

Amri hiyo inaonyesha makontena yote, yanayofanya kazi na yaliyosimama. Alitazama safu ya imeji. Karibu kila mstari ulikuwa na jina la imeji linalosomeka: lango la malipo, stoo, hifadhidata. Mistari miwili, badala ya jina, ilikuwa na herufi na tarakimu kumi na mbili tu. Hiyo ndiyo dalili ya kontena ambalo imeji yake imepoteza jina tangu lilipowashwa. Kontena lililosimama linaishikilia imeji yake sawasawa na linalofanya kazi. Amri ya kusafisha ingezipita imeji hizo mbili kimya kimya, na mtu angebaki kujiuliza kwa nini nafasi hairudi.

La kwanza lilikuwa jaribio la mtu, limesimama salama kwa namba 0, ile namba ambayo programu huiacha inapokoma; halina habari. La pili lilikuwa limesimama kwa namba 137. Akanyamaza kidogo. Namba hiyo ni 128 ukijumlisha 9, na 9 ni ishara ambayo kerneli ya Linux huitumia kuiua programu bila kuipa nafasi ya kuaga. Mara nyingi maana yake ni kwamba kumbukumbu ya mashine iliisha. Akalichunguza kwa `docker inspect`, akashuka hadi penye hali ya kontena, na hapo paliandikwa wazi kwamba liliuliwa kwa kukosa kumbukumbu. Kwa hiyo lile halikuwa taka. Lilikuwa ushahidi wa tatizo, na kulifuta ni kufuta pia logi zake.

Akamgeukia kijana wa meza ya nyuma.

"Mdogo wangu, hili kontena la ripoti lililokufa mwezi uliopita, mlishajua kilichoiua programu?"

"Dada, tulisema tutaangalia. Hatukuangalia."

"Haya. Logi zake nakuwekea kwenye folda ya timu. Ukishazisoma uniambie, ndipo nilitoe."

Akazielekeza logi kwenye faili, akalipa faili jina lenye tarehe na jina la kontena, akalifungua kuhakikisha halikutoka tupu. Hili la mwisho nililipenda sana. Kuna logi zinazopita njia ya matokeo ya kawaida na nyingine njia ya makosa; asiyeziunganisha zote mbili anaweza kuhifadhi nusu ya habari na kudhani amehifadhi yote. Yeye aliziunganisha, kisha bado akalifungua faili na kusoma mistari ya mwisho. Baada ya muda kijana akaja mwenyewe, amesimama na kikombe chake cha chai. "Nimeona dada. Ile ripoti ya mwaka mzima inavuta rekodi zote kwa mpigo. Litoe tu." Makontena yote mawili yakaondolewa kwa majina yao, moja moja.

Ilibaki hatua moja kabla ya kufuta. Kati ya imeji zisizo na jina, kulikuwa na moja iliyowahi kuwa toleo la stoo lililokaa muda mrefu bila malalamiko. Aliitambua kwa tarehe ya kuundwa, akaihakikisha kwa kulinganisha utambulisho wake na ule alioandika kwenye daftari la matoleo siku ilipowashwa. Wenye maduka walikuwa wametumiwa toleo jipya juzi tu, na hakuna aliyeweza kusema kwa yakini kwamba halitasumbua mwisho wa mwezi, wakati wa kufunga mahesabu. Kwa `docker tag` akaipa imeji ile jina tena, na tarehe badala ya neno la jumla. Amri hiyo hainakili chochote wala haiongezi ukubwa. Inaweka jina tu juu ya kitu kilichokuwapo. Lakini kuanzia dakika hiyo imeji ile ilitoka kwenye kundi la zinazosubiri kufutwa.

Ndipo akaandika `docker image prune --filter until=24h`. Kichujio kile kinaamuru ziguswe tu imeji zilizoundwa zaidi ya saa 24 zilizopita. Docker ikamwonya kwamba inakaribia kufuta imeji zote zisizo na jina, ikauliza kama ana uhakika. Jibu la kawaida la swali hilo, ukibonyeza tu kitufe cha kuingiza bila kuandika kitu, ni hapana, na naona waliolipanga hivyo walifanya la heshima. Akausoma mstari wa kichujio mara nyingine, akaandika `y`.

Mistari ikaanza kushuka, kila mmoja na neno la kufutwa na alama yake ndefu ya SHA-256. Ilikuwa mingi kuliko imeji zenyewe, kwa sababu kila tabaka lisilo na mwenyewe tena linatajwa peke yake. Baadhi ya imeji zilitoa mstari mmoja au miwili, nyingine zilitoa kumi na zaidi. Sasa niliweza kubashiri: zile tano zilizobaki juu ya msingi wa zamani ndizo zilizotoa mistari mingi. Chini kabisa ikaandikwa jumla ya nafasi iliyorudi, karibu GB 20.

Niliuliza kuhusu zile GB 9 zilizobaki kati ya 29. Akanieleza kwamba hesabu ile ya mwanzo inajumlisha pia imeji zenye majina ambazo dakika hii hakuna kontena linalozitumia. Ukiongeza `-a` kwenye amri, nazo zinakwenda: imeji za msingi, matoleo ya nyuma, zana zinazowashwa mara moja kwa wiki. Kwenye seva hiyo hataki, kwa sababu kutotumika saa nne asubuhi si kutohitajika saa nane usiku. Na kwenye kompyuta za vijana wa ofisini hataki zaidi. Imeji kamili ya Python ikishafunguliwa kwenye diski inakaribia GB 1, na kuivuta upya kwa bando la simu siku umeme na intaneti ya ofisi vimekatika ni gharama inayomwangukia mtu mwenye jina.

Halafu kashe. Tangu toleo la 23.0, la mwaka 2023, Docker kwenye Linux hujenga kwa BuildKit bila kuombwa, na BuildKit haiweki mabaki ya hatua za katikati kwenye orodha ya imeji. Inayaweka kwenye hifadhi yake. Anayesafisha imeji peke yake anaweza kusafisha kila wiki huku kashe ikinenepa pembeni. Hapa ilikuwa na GB 11. Hakuifuta yote. Aliandika `docker builder prune --filter until=168h`, yaani yale ambayo hayajatumika kwa wiki nzima. Mabaki ya siku za karibuni ndiyo yanayoufanya ujenzi wa kesho uchukue sekunde badala ya dakika, kwa kuwa maktaba zilizokwisha kupakuliwa hazipakuliwi tena.

Akafungua Dockerfile, yaani faili lenye hatua za kujenga imeji, la ile programu ya ripoti, na hapa alitumia muda mrefu kuliko popote. Faili lilinakili msimbo wote kwanza, ndipo likasakinisha maktaba. Docker inapanda hatua kwa hatua, na hatua moja ikibadilika, zote zinazofuata zinajengwa upya. Kwa mpangilio ule, kijana akirekebisha neno moja kwenye ripoti, maktaba zote zinasakinishwa upya, na tabaka zito la ujenzi uliopita linabaki bila mwenyewe. Ndiyo maana mabaki ya programu hiyo yalikuwa mazito kuliko ya nyingine. Akageuza mpangilio: orodha ya maktaba inakiliwa kwanza, zinasakinishwa, kisha ndipo msimbo unaingia. Mistari michache tu ilibadilishwa. Kuanzia hapo neno likirekebishwa, kinachoachwa nyuma ni tabaka jembamba la msimbo.

Chini kidogo akaona hatua iliyosakinisha vifurushi vya Debian, na hatua nyingine tofauti iliyofuta orodha za vifurushi hivyo ili kupunguza ukubwa. Akaziunganisha kuwa hatua moja. Tabaka likishafungwa halibadiliki. Kufuta faili kwenye tabaka la juu kunaweka alama tu ya kulificha. Faili lenyewe linabaki chini, na uzito wake uko pale pale. Kitakachofutwa kinapaswa kufutwa ndani ya hatua ile ile iliyokileta. Nimeona imeji nyingi zenye hatua za usafi zisizosafisha chochote, zimeandikwa na watu wazuri waliodhani wanapunguza. Huyu aliiona hiyo kwa kupitisha macho mara moja, na hakumlaumu aliyeiandika. Aliweka maelezo mafupi juu ya mstari ili atakayekuja aelewe.

Kuna mahali hakugusa kabisa. Mstari wa volyumu ulionyesha GB 6, sehemu yake ikisemwa inaweza kurudishwa. Humo ndimo zilimo data za maduka. Amri ya jumla, `docker system prune`, ilipotoka mwaka 2017 ilifuta na volyumu zisizotumika bila kuombwa. Ni kuanzia toleo la 17.06.1 ndipo ikawa lazima uitaje kwa `--volumes`. Yeye haitumii amri hiyo ya jumla kwenye seva yenye data za watu. Wala haingii ndani ya `/var/lib/docker/overlay2` kufuta folda kwa mkono, hata pale anapojua kwa hakika folda fulani ni ya nini, kwa sababu Docker ina kumbukumbu zake za nani anachangia tabaka gani, na folda ikitoweka bila kumbukumbu hizo kujua, imeji nzima zinaweza kukataa kuwaka.

Nilimuuliza kwa nini kazi hii haiachii mashine. Akasema ipo inayojifanyia: Kubernetes, kwa mipangilio yake ya kawaida, huanza kuondoa imeji zisizotumika diski ikifika asilimia 85 na huendelea hadi ishuke kufikia 80. Na kwenye mashine yao ya majaribio ameweka ratiba inayofuta zisizo na majina kila usiku. Lakini ratiba isingejua kwamba 137 ni swali ambalo halijajibiwa, wala isingekumbuka toleo la stoo lililotulia.

Mwisho akaijenga upya programu ya ripoti kwa mpangilio mpya. Mara ya kwanza ilichukua muda, maktaba zikisakinishwa. Akabadilisha herufi moja kwenye msimbo, akajenga tena. Hatua za mwanzo zote zikaandikwa kwamba zimetoka kwenye kashe, na ujenzi ukaisha kabla sijageuza ukurasa wa daftari. Akaorodhesha tena zisizo na jina. Moja ilikuwapo, ile ya dakika chache zilizopita, na ukubwa wake wa peke yake ulikuwa chini ya MB 1. Aliiacha. Akaandika kwenye daftari la seva tarehe, nafasi iliyorudi, jina la toleo la stoo alilolihifadhi na siku ya kuliangalia tena, baada ya mahesabu ya mwisho wa mwezi. Kisha akaingia kwenye seva ya pili na kuandika `df -h`.